Kutoka Kitabu cha MTUHA hadi Baraza la Madiwani: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Afya ya Jamii Nyanda za Juu Kusini

Anayeshuka kwenye basi Makambako wakati wa mavuno hupokelewa na magunia ya mahindi na viazi, na akiendelea na safari hadi Njombe atapita mashamba ya chai na parachichi kilima baada ya kilima. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 kuhusu hali ya afya na uzazi ulionyesha kwamba asilimia 56.9 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Iringa walikuwa wamedumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao, Njombe asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mikoa inayolisha nchi ndiyo iliyoongoza kwa udumavu. Mwanafunzi anayesomea afya ya jamii au sera ya afya Mbeya au Iringa, basi, hana haja ya kusafiri kutafuta somo, kwa kuwa somo lenyewe linamsubiri nje ya geti la chuo.

Mwongozo huu umejengwa juu ya zoezi moja ambalo ninawapa wanafunzi wote wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo: chagua namba moja, kisha uifuate kutoka kwenye kitabu cha zahanati, kile cha MTUHA, upite nyumbani kwa mtoto au mama anayehusika, hadi kwenye bajeti ya halmashauri. Nimekutana na wahitimu wanaoeleza nadharia za uundaji wa sera kwa ufasaha mkubwa, lakini ambao hawajawahi kuona jinsi takwimu wanazozinukuu zinavyoandikwa kwa kalamu ya wino juu ya meza yenye foleni ya akina mama mlangoni. Pengo hilo ndilo linalowaangusha kwenye kazi, na kuliziba hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji likizo mbili na uvumilivu.

Hatua ya kwanza: chagua jambo moja na usome historia yake hapa hapa

Usichague "afya ya mama na mtoto" wala "magonjwa yasiyoambukiza". Chagua kitu kinachohesabika, kwa mfano udumavu, wajawazito wanaoanza kliniki kabla ya wiki ya 12 ya mimba, watoto wanaokosa dozi ya pili ya surua, au malaria katika ukanda wa chini wa Kyela. Ukishachagua, soma kwanza yaliyofanyika kabla yako katika eneo lako.

Kwa udumavu, historia hiyo ni ya kujivunia. Katika miaka ya 1980 Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, uliendesha programu ya lishe kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ambapo watoto walipimwa uzito vijijini mwao na matokeo yakajadiliwa na kamati za vijiji, ili wanakijiji wenyewe watathmini tatizo, wachambue sababu zake na kuamua hatua za kuchukua. Mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutoa mwaka 1990, na ambao leo umo katika vitabu vya kozi za lishe duniani kote, ulitokana kwa sehemu kubwa na uzoefu wa Iringa. Mchoro huo unatenganisha sababu za papo hapo, yaani chakula anachokula mtoto na maradhi anayougua. Sababu za ngazi ya kaya, kama vile uhaba wa chakula chenye virutubisho, malezi, maji, usafi na huduma za afya. Na sababu za msingi zilizo katika uchumi, siasa na mila. Ukiuelewa vizuri, kitendawili cha ghala lililojaa na mtoto aliyedumaa kinaanza kufunguka: mahindi yapo, lakini mtoto anakula uji mtupu mara mbili kwa siku kwa sababu mama yuko shambani tangu alfajiri, na maharage, mayai na maziwa yameuzwa.

Hapa pia kuna tahadhari ambayo wengi huisahau. Njombe ilifanywa mkoa unaojitegemea mwaka 2012, na Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukilinganisha takwimu za "Iringa" za mwaka 2010 na za mwaka 2022, au za "Mbeya" za kabla na baada ya 2016, unalinganisha maeneo mawili tofauti yenye jina moja.

Hatua ya pili: jua nani anaamua nini

Wizara ya Afya hutunga sera, miongozo na viwango. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za wilaya na watumishi wake viko chini ya halmashauri, ambazo zinasimamiwa na TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Soma Sera ya Afya ya mwaka 2007, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, Mpango Mkakati wa Tano wa Sekta ya Afya unaoanzia Julai 2021 hadi Juni 2026, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023. Usizisome kama riwaya. Tafuta jambo lako linatajwa wapi, nani amepewa jukumu, na fedha zinatarajiwa kutoka mfuko gani.

Hatua ya tatu: barua kabla ya safari

Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye huandika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ambaye huielekeza kwa Mganga Mkuu, kisha kwa mfawidhi wa kituo. Ukitaka kuingia kijijini, unajitambulisha kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji, na huyo wa kijiji ndiye atakayekukutanisha na mwenyekiti wa kitongoji. Beba nakala za kutosha kwa sababu kila ofisi itabaki na yake. Ikiwa unachofanya ni utafiti na si mafunzo ya vitendo tu, unahitaji pia kibali cha maadili, ama cha kamati ya chuo chako ama cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, yenye kituo hapa Mbeya. Majina ya wagonjwa hayatoki kituoni, hata kwa picha ya simu "ya kumbukumbu tu". Pamoja na miiko ya taaluma, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hatua ya nne: kaa na vitabu vya MTUHA

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu hakuna darasa linaloweza kuichukua nafasi yake. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, umejengwa juu ya vitabu vyenye namba: kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wanaojifungua. Kila anayehudumiwa huandikwa kwenye mstari wake, mistari hujumlishwa kwa vijiti kwenye fomu ya kujumlishia, majumuisho huingia kwenye taarifa ya mwezi, na taarifa hiyo huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2 ambako mkoa na wizara wanaiona. Kila ngazi ina mlango wake wa makosa.

Nilijifunza hili nikiwa mwaka wa pili, kwenye zahanati moja ya milimani ambako baridi ya Juni ilikuwa inatufanya tuandike tukiwa tumevaa makoti. Nilipewa kazi ya kuhesabu upya mahudhurio ya kwanza ya wajawazito kwa mwezi uliopita, na hesabu yangu ikatofautiana na taarifa iliyokwishapelekwa wilayani. Kwa ujana nilidhani nimegundua udanganyifu. Muuguzi aliyekuwa peke yake zamu hiyo alivuta kitabu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kuniambia, "Mwanangu, huyu alikuja mara ya kwanza kwenye zahanati ya jirani, akahamia huku na kadi yake. Wewe umemhesabu, mimi sikumhesabu. Na hawa wawili chini niliwaandika jioni baada ya kumzalisha mama mwingine, fomu ilikuwa imeshajazwa." Makosa yalikuwepo pande zote mbili, langu likiwa kubwa zaidi, na hakuna hata moja lililotokana na nia mbaya.

Fanya basi zoezi lile lile. Chukua kiashiria chako, yaani ile namba uliyoichagua, hesabu miezi mitatu kutoka kwenye kitabu, linganisha na fomu ya majumuisho, kisha na taarifa ya mwezi, na uandike tofauti pamoja na sababu yake bila kumlaumu mtu. Halafu uliza kuhusu kigawanyo. Asilimia ya huduma hupatikana kwa kugawa waliohudumiwa kwa walengwa wanaokadiriwa, na makadirio hayo hutokana na sensa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, lakini makadirio ya eneo linalohudumiwa na zahanati moja ni kazi ngumu zaidi. Ndiyo maana utakuta kituo kilichofikia asilimia 118 ya chanjo huku jirani yake akiwa na asilimia 60: akina mama wanavuka mpaka wa kata kufuata kituo chenye huduma bora au kilicho karibu na gulio. Mwanafunzi anayeweza kueleza asilimia 118 kwa utulivu tayari ana kitu cha kusema kwenye kikao chochote.

Hatua ya tano: pima kwa mikono yako

Omba kushiriki Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, au kliniki ya mama na mtoto, na ujifunze kupima urefu. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala kwenye ubao, na mwenye miaka miwili au zaidi hupimwa akiwa amesimama. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa mwisho macho yakitazama juu wima, mwingine anabana magoti kwa upole na kusogeza kipande cha miguuni hadi kiguse nyayo, kisha anasoma kwa desimali moja ya sentimita. Viatu, soksi na kofia vinavuliwa. Misuko iliyofungwa utosini inafunguliwa ikiwezekana. Kama mtoto wa miezi 20 amekataa kabisa kulala na umempima amesimama, unaongeza sentimita 0.7. Utepe wa mzingo wa mkono ni rahisi zaidi, lakini unapima jambo jingine: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali wa ukondefu, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mkono wa kijani kabisa kwenye utepe, yaani rangi ya hali nzuri, na hapo ndipo wazazi na hata baadhi ya watumishi hudhani hana tatizo.

Umri ndio mtego mkubwa. Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa pale urefu wake kwa umri unapokuwa chini kwa zaidi ya mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha kitakwimu cha umbali kutoka wastani) chini ya wastani wa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo ukikosea umri kwa miezi minne umekosea jibu. Tarehe ichukue kwenye kadi ya kliniki. Kadi ikiwa imepotea, tumia kalenda ya matukio: alizaliwa kabla au baada ya usiku wa sensa ya Agosti 2022, wakati wa kupanda au wa kuvuna, kabla au baada ya Pasaka. Ukiona kwenye daftari lako watoto wengi wana miezi 12, 24 na 36 kamili, ujue mmekisia.

Kuna faida nyingine ya kupima, ambayo ni kusikiliza. Salimia kwanza; kule Iringa "kamwene" moja iliyotamkwa vizuri hufungua mlango kuliko barua ya mkoa. Uliza mtoto alikula nini jana tangu alipoamka, nani alimpikia na nani alimlisha. Usiulize "je, unampa mlo kamili?" kwa sababu jibu litakuwa ndiyo.

Hatua ya sita: soma takwimu za tafiti bila kuruka mstari

Mfano mzuri ni VVU, kwa kuwa mikoa yetu iko juu kitaifa. Katika utafiti wa mwaka 2016/17 kiwango cha maambukizi kwa watu wenye miaka 15 na zaidi kilikuwa asilimia 11.4 Njombe na asilimia 9.3 Mbeya, utafiti wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 na 9.6, huku taifa likiwa na asilimia 4.4. Mtu asiyezoea atasema UKIMWI umeongezeka. Kiwango cha maambukizi, hata hivyo, ni idadi ya wote wanaoishi na virusi kwa wakati mmoja, si idadi ya wanaoambukizwa upya, na dawa zinapowafanya watu waishi miaka mingi zaidi, kiwango hicho kinaweza kupanda wakati maambukizi mapya yanashuka. Zaidi ya hayo, kila makadirio ya sampuli yana wigo wake, yaani kiwango cha chini na cha juu ambamo jibu la kweli linatarajiwa kuwa, na tofauti ndogo inaweza kumezwa na wigo huo. Vifo vitokanavyo na uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 vilikuwa na wigo kati ya 446 na 666. Anayenukuu 556 peke yake ameacha nusu ya taarifa.

Programu ya lahajedwali inatosha kwa kuanzia. Ukiweza, ongeza R, programu ya kuchambua takwimu ambayo ni ya bure, na programu moja ya kukusanyia taarifa kwa simu.

Hatua ya saba: fuata fedha

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Maana yake ni kwamba wazo zuri linaloletwa mwezi Machi limechelewa, kwa kuwa vijiji na vituo hupeleka vipaumbele vyao mapema, timu ya afya ya halmashauri huviunganisha kwenye mpango kabambe wa afya, baraza la madiwani hujadili bajeti mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, na Bunge hukaa kwa ajili ya bajeti kuanzia Aprili. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kwa hiyo kamati ya usimamizi wa zahanati, yenye wajumbe wanakijiji, ni sehemu halisi ya uamuzi. Omba kuhudhuria kikao chake na ukae kimya.

Kwa udumavu kuna namba rahisi kuifuata. Halmashauri zimeelekezwa kutenga, kutoka mapato ya ndani, shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Tafuta idadi ya watoto hao katika halmashauri yako, zidisha, kisha uliza maswali matatu kwa mpangilio huu: kiasi gani kilitengwa, kiasi gani kilitolewa, na kilichotolewa kilinunua nini. Uliza kwa adabu, kupitia afisa lishe, na usiulize swali la pili kabla ya kupata jibu la kwanza. Mara nyingi hadithi yote imo katikati ya kilichotengwa na kilichotolewa, na mara nyingine imo kwenye swali la tatu, ambapo fedha ya lishe imeishia kwenye posho na mafuta ya gari. Hilo nalo si lazima liwe kosa, kwani usimamizi unahitaji gari.

Hatua ya nane: andika kurasa mbili kwa Kiswahili

Tunasoma kwa Kiingereza, lakini baraza la madiwani, kamati ya lishe na mkutano wa kijiji hukaa kwa Kiswahili. Mara ya kwanza nilipowasilisha mbele ya madiwani nilijaza mchoro wa mikengeuko sanifu ukutani, na mheshimiwa mmoja akanyoosha mkono na kusema kuwa katika ukoo wao wote ni wafupi, tangu babu, sasa tatizo liko wapi? Ukumbi ukacheka, nami sikuwa na jibu. Jibu lilikuwepo: viwango vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006 vilijengwa kwa kupima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolelewa katika mazingira mazuri, na ikaonekana kwamba katika miaka mitano ya kwanza watoto hao walikua kwa namna inayokaribiana sana bila kujali nchi. Ufupi wa babu huenda nao ulikuwa na historia yake ya uji mtupu.

Kurasa zako mbili ziwe na tatizo katika sentensi moja yenye namba moja. Sababu mbili ulizozishuhudia. Pendekezo moja ambalo halmashauri inaweza kulitekeleza kwa mamlaka yake. Gharama yake kwa shilingi. Na jina la cheo kitakachowajibika. Badala ya "kuimarisha uelewa wa jamii", andika, kwa mfano, kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa kata fulani wawatembelee wenye watoto wa miezi 6 hadi 23 katika msimu wa kulima, saa za jioni mama anapokuwa nyumbani. Msomee rafiki asiyesomea afya. Pale atakapokuuliza "maana yake nini?" ndipo pa kufuta na kuandika upya.

Kabla ya kuondoka, rudisha matokeo. Karatasi moja kwa mfawidhi, moja kwa mtendaji wa kijiji, na dakika kumi kwenye mkutano. Wanakijiji wamepimiwa watoto mara nyingi na watu ambao hawakurudi.

Hatua ya tisa: kazi na masomo ya juu

Nafasi za serikali, zikiwemo za maafisa afya mazingira na maafisa lishe, hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kupitia mfumo wake wa mtandaoni, hivyo vyeti na namba ya utambulisho wa taifa viwe tayari mapema. Baadhi ya kada zinadai usajili wa baraza la taaluma, na afya mazingira ni mojawapo. Nje ya serikali kuna taasisi za utafiti, hospitali za mashirika ya dini ambazo ni nyingi ukanda huu, mifuko ya bima na mashirika ya maendeleo yenye ofisi Mbeya na Iringa. Kuhusu shahada ya uzamili, maoni yangu ni kwamba mtu afanye kazi walau miaka miwili kwanza, ingawa najua wazazi wengi hawatakubaliana nami na ufadhili hausubiri.

Kwenye usaili peleka zile kurasa mbili na jedwali la miezi mitatu la kitabu namba 6 au 7, lisilo na jina la mgonjwa yeyote. Utakapoulizwa uzoefu wako, anza na mstari ambao hesabu yako na ya muuguzi zilitofautiana, na ueleze ilichukua siku ngapi kujua nani alikuwa sahihi.